Mariners 2026: Msituambie Aprili haina maana, kamuulizeni aliyeangalia mechi ya 7 Toronto

#1 – Mleta uzi (Kent, Washington)

Wakuu, heri ya msimu mpya. Besiboli inarudi wiki hii na uzi wa Seattle Mariners ndio huu. Watu wa Simba na Yanga msinirushie mawe, nyuzi zenu humu ni utitiri, huu mmoja niachieni. Tunafungua nyumbani na Cleveland Guardians, wakiondoka hao wanaingia New York Yankees, halafu safari zinaanza. Hizo safari ndizo zilizonikalisha kuandika.

Kila mwaka majira haya mashabiki wenzangu wa hapa Seattle wana wimbo mmoja: mechi ziko 162, Aprili haihesabiki, tulieni. Mimi huo wimbo siuitikii. Klabu yetu inaumizwa na Aprili, ila kidonda kinaonekana Oktoba. Mwaka 2023 tulishinda mechi 88 tukakosa mtoano kwa tofauti ya mechi moja. Mwaka 2024 tukashinda 85, tukakosa tena kwa mechi moja. Mwaka jana tukachukua ubingwa wa kundi letu la Magharibi kwa mara ya kwanza tangu 2001, lakini tulimaliza na ushindi 90 wakati Toronto Blue Jays walikuwa na 94. Kanuni ni kwamba mwenye ushindi mwingi ndiye mwenyeji, kwa hiyo fainali ya American League (nusu yetu ya ligi kuu, anayetangulia kushinda mechi nne anapita) ikaanzia kwao na ikaishia kwao.

Mnajua kilichofuata. Mechi ya 7, tarehe 20 Oktoba, tunaongoza 3-1. Awamu ya 7 kati ya 9, zimebaki auti 8 tu (yaani wapigaji wanane wa kutolewa) tuingie World Series, fainali kuu ya ligi. Mrushaji wetu Bryan Woo kamwachia mtu besi bure, wa pili kapiga kafika besi, wa tatu kajitoa mhanga kuwasogeza wenzake. Kocha Dan Wilson akamtoa Woo, akamwingiza Eduard Bazardo. George Springer wa Toronto akaupeleka mpira nje ya ukuta, wakaingia watatu, 4-3, na matokeo yakabaki hivyo hivyo. Kati ya timu 30 za ligi kuu ya Marekani, ni sisi peke yetu ambao hatujawahi kukanyaga World Series. Tupo tangu 1977.

Sasa tazameni rekodi ya mwaka jana. Nyumbani tulishinda 51 tukapoteza 30. Ugenini tulishinda 39 tukapoteza 42. Yaani nyumbani tulikuwa timu ya ubingwa, tukipanda ndege tunakuwa timu ya kawaida kabisa. Tofauti yetu na Toronto ilikuwa mechi nne, na mechi nne za ugenini unaweza kuzipoteza ndani ya wiki moja ya Aprili ukiwa unaambiwa utulie.

Sababu za tofauti hiyo hazina uchawi. Uwanja wetu, T-Mobile Park, uko karibu kabisa na bahari, na usiku wa Aprili hewa ni ya baridi na nzito. Paa lake linafungwa mvua ikija, lakini ni kama mwavuli, pembeni kuko wazi, baridi inaingia inavyotaka. Mpira ambao Texas au Cincinnati ungevuka ukuta, hapa unafia kwenye glavu ya mlinzi wa nje. Warushaji wetu wanaupenda uwanja huo, wapigaji wetu wanaulalamikia kimoyomoyo. Ukichukua timu iliyojengwa juu ya warushaji ukaipeleka mahali mpira unaporuka, ile faida inayeyuka.

La pili ni jiografia. Seattle iko pembeni kabisa kaskazini-magharibi, hatuna jirani. Kwenye kundi letu wamo Houston Astros na Texas Rangers. Kwenda Houston peke yake ni kama kilomita 3,000. Kila mwaka Mariners wako miongoni mwa timu zinazokaa angani muda mrefu kuliko wengine. Kijana anacheza Jumapili mchana Texas, usiku wa manane anashuka Seattle, kesho yake jioni yuko uwanjani tena. Hilo halitabadilika mpaka wahamishe bahari.

Kwa hiyo kipimo changu mwaka huu ni kimoja: tukifika mwisho wa Mei, rekodi ya ugenini iko juu ya nusu au chini? Nyumbani sina wasiwasi.

Tuje kwa wachezaji. Naanza na warushaji maana ndio roho ya timu. Kwa wageni wa mchezo: kila timu ina warushaji watano wanaopokezana kuanza mechi, kila mmoja anapumzika siku nne hivi kabla ya zamu yake. Watano wetu ni Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo, Luis Castillo na Bryce Miller. Wote wakiwa wazima, sioni timu ya American League yenye watano kama hao. Mwaka jana hawakuwa wazima. Kirby alianza msimu akiwa na jeraha la bega, Gilbert akaumia mkono mwishoni mwa Aprili, Miller kiwiko, na Woo, ambaye alianza msimu kwa mechi 25 mfululizo bila kutolewa kabla ya kumaliza awamu ya 6, akashikwa na msuli wa kifua Septemba, mlangoni mwa mtoano. Tulifika auti 8 tu kutoka World Series na kikosi cha warushaji ambacho sehemu kubwa ya msimu hakikukamilika! Hilo linanipa matumaini na linanitisha kwa wakati mmoja, kwa sababu mkono wa mrushaji ukishaanza kulalamika hauachi kirahisi. Castillo naye ana miaka 33.

Cal Raleigh. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima akidaka mipira ya kilomita 150 na zaidi kwa saa. Homurani (mpira uliopigwa ukavuka ukuta) 60 mwaka jana. Hakuna mdakaji aliyewahi hata kufika 50 kabla yake. Rekodi ilikuwa 48 ya Salvador Perez. Ni mtu wa 7 tu katika historia ya ligi kufika 60. Ya 59 na ya 60 alizipiga usiku mmoja, 24 Septemba, na usiku huo huo tukatwaa kundi. Alishinda pia shindano la kupiga homurani pale Atlanta, baba yake akimrushia na mdogo wake akidaka. Tuzo ya mchezaji bora wakampa Aaron Judge, sitaki kuanzisha vita hiyo tena (ila walikosea).

Swali la mwaka huu ni mwili. Cal alicheza mechi 159 kati ya 162. Mdakaji! Magoti yale ni ya binadamu. Sitegemei 60 tena na anayetegemea anajitafutia presha. Akipiga 40 na akapumzishwa vizuri, mimi nachinja mbuzi. Tatizo ni kwamba kijana aliyekuwa anaandaliwa kumsaidia, Harry Ford, tumemuuza Washington Nationals kumpata Jose A. Ferrer, mrushaji wa mkono wa kushoto wa kuingia mwishoni. Biashara yenyewe naikubali, maana kukosa mkono wa kushoto wa kuaminika mwishoni kulituumiza. Lakini sasa Cal akiteguka kidole, tunaomba Mungu.

Julio Rodríguez naye mnamjua ugonjwa wake: Aprili analala, Julai anaamka. Mwaka jana alimaliza na homurani 32 na besi 30 za kuiba (kuchomoka kwenda besi inayofuata mpira haujapigwa), ni mara ya pili anafikisha 30 kwa 30. Kwa hiyo Aprili ukimwona anapiga hewa usianze kumtukana. Ila hapo hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nyota wako wa uwanja wa kati akichelewa kuamka miezi miwili, hizo mechi nne za ugenini ndiyo zinakwenda.

Aliyenifurahisha kuliko wote kwenye usajili ni Josh Naylor. Tulimchukua kutoka Arizona katikati ya msimu uliopita, na sasa ameongezwa miaka mitano kwa dola milioni 92.5. Mkimwona mtashangaa: mfupi, mnene, mbio hana. Sasa huyo mtu aliiba besi 19 kwa mechi 54 alizotuchezea! Sikilizeni anavyofanya. Anasogea kidogo kidogo kutoka besi ya kwanza kama mtu anayenyoosha miguu tu, macho yako kwenye goti la mrushaji. Mrushaji ameshamdharau, hamtazami tena. Goti likinyanyuka tu, Naylor keshaondoka. Mdakaji anapodaka na kusimama, yule bwana mnene yuko chini kwenye vumbi, mkono juu ya besi ya pili, anacheka. Kasi anazidiwa na karibu kila mtu uwanjani, anachowazidi ni kusoma.

Waliotoka: Jorge Polanco kaenda New York Mets, Eugenio Suárez karudi Cincinnati. Polanco naumia. Suárez naumia kwa sababu ya moyo tu, maana mwaka jana aliporudi kwetu alikuwa anapiga hewa mno; ila ile homurani ya pointi nne mechi ya 5 dhidi ya Toronto nitaisimulia wajukuu. Nafasi yake kaja Brendan Donovan kutoka St. Louis Cardinals. Huyu ni kinyume cha Suárez: homurani si nyingi, lakini hatolewi kirahisi kwa straiki tatu (mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha), anagusa mpira, anafika besi. Kumpata tumemtoa, pamoja na wengine, yule kijana Jurrangelo Cijntje anayerusha kwa mikono yote miwili. Kuna waliolia. Mimi nasema kwa safari za ugenini nataka watu wa aina ya Donovan: usiku ambao homurani hazipatikani, mtu wa kusogeza wenzake besi moja moja ni dhahabu.

Utabiri wangu: ushindi 94, kundi tunachukua tena, Houston watatusumbua mpaka Septemba. Mwaka huu jezi namba 51 inastaafishwa kwa mara ya pili, safari hii kwa heshima ya gwiji wetu wa zamani Randy Johnson, baada ya gwiji mwingine, Ichiro Suzuki, mwaka jana. Karibuni kwa hoja. Matusi hapana.

#2 – Mdau wa Tacoma

Uko sawa ndugu yangu, lakini umemruka kocha kijanja. Mechi ya 7, awamu ya 7, anakuja Springer, watu wawili wako kwenye besi. Andrés Muñoz, mrushaji wetu mkali kuliko wote, amekaa pale anatazama tu kama mimi niliyekuwa kwa kochi. Halafu unamleta Bazardo? Si mtu mbaya Bazardo, alitubeba mwaka mzima. Lakini hiyo si mechi ya kuweka akiba ya kesho. Kesho hakuna! Hapa Tacoma tulikuwa Wakenya karibu kumi sebuleni, nyama iliachwa ikaungua. Hadi leo hatujaizungumzia vizuri.

Mimi shida yangu na Mariners si Aprili, ni kwamba benchi letu hucheza mechi ya kufa na kupona kama ni Jumanne ya Mei.

#3 – Mleta uzi

@#2 sikumruka, nilikuwa najizuia. Nakubali kabisa, ningemleta Muñoz. Wilson alimwacha Muñoz asubiri mwisho wa mechi kama kawaida yake, na kawaida hiyo imetushindia mechi nyingi. Lakini pale moto ulikuwa awamu ya 7. Ndiyo maana Ferrer ananipa nafuu: sasa kuna Muñoz, Matt Brash, Gabe Speier, Bazardo na Ferrer. Kocha akiwa na mikono mitano ya kuamini, hata akikosea mmoja, mwingine anaokoa.

#4 – Mdau wa Toronto

Shikamooni wazee wa auti 8 😂😂

Mleta uzi nakuheshimu ila hoja yako ina tundu kubwa. Unalia kwamba mechi ya 7 ilichezwa kwetu. Mbona mechi mbili za kwanza mlikuja hapa hapa mkatufunga 3-1 na 10-3? Mkarudi nyumbani kwenu, kwenye hiyo hewa nzito yenu, tukawapiga 13-4 na 8-2. Yaani mechi nne za kwanza zote alishinda mgeni. Sasa uwenyeji ungewasaidia nini? Kubalini tu Springer aliwazidi.

Sisi wenyewe tulikwenda World Series tukafia mechi ya 7 mbele ya Los Angeles Dodgers, kwa hiyo machungu tunayajua. Msimu mwema.

#5 – Mleta uzi

@#4 marahaba kijana, na pole kwa ya Dodgers.

Hoja nzito, siikwepi. Lakini tazama hizo 13-4 na 8-2 zilitokana na nini. Siku chache nyuma tulikuwa tumecheza mechi ya 5 ya raundi iliyotangulia na Detroit Tigers, awamu 15, karibu saa tano uwanjani. Kushinda ile ilibidi Gilbert na Castillo, ambao kazi yao ni kuanza mechi, waingizwe kama watu wa akiba. Miller akaanza mechi ya 1 kwenu bila mapumziko kamili na bado akawabana. Deni la mikono likaja kulipwa Seattle, mechi ya 3 na ya 4. Uwenyeji haukuwa na la kufanya kwa watu waliochoka.

Mechi ya 5, mikono ilipopata pumzi kidogo, nyumbani tukawafunga 6-2. Cal akasawazisha, Suárez akamaliza. Wewe uliyekuwa unatazama, niambie kelele zile za awamu ya 8 hazikuhusika. Halafu tukapanda ndege, tukapoteza ya 6 na ya 7. Sidai kwamba Seattle tungeshinda kwa hakika. Nadai kwamba ningependa kupoteza nikiwa kwangu.

#6 – Mdau wa Dar

Jamani mimi mgeni, besiboli naijua kwa sinema tu. Lakini nimesoma mahali kwamba hao Mariners wenu walitafutiwa mganga?? Ni kweli au ni chai? Maana sisi tukimwaga maji getini tunaitwa washamba.

#7 – Mdau wa Tacoma

@#6 ni kweli kabisa 😂 Septemba mwaka jana timu ilikuwa inayumba, shabiki mmoja akamlipa mchawi wa mtandaoni, wa kule Etsy wanakouza vikapu na hereni, aitoe timu kwenye mkosi. Timu ikaanza kushinda, mechi 10 mfululizo. Katika kipindi hicho walishinda 17 kati ya 18, wakaenda mpaka Houston wakawafagia Astros mechi zote tatu. Watu wakaanza kuja uwanjani wamevaa kofia za wachawi. Wazungu!

Na kuna Humpy. Hapa uwanjani mchezo ukiendelea huwa wanakimbizana samaki wanne wa salmoni, watu waliovaa mavazi ya samaki. Humpy hakuwahi kushinda hata siku moja, watu walishamzoea. Mechi ya awamu 15 na Detroit, usiku wenyewe ule, Humpy akashinda. Uwanja ulipiga kelele kuliko homurani. Mimi siamini mambo ya juju lakini siku hiyo nilinyamaza.

#8 – Mleta uzi

@#6 karibu sana. Kama shuleni uliwahi kucheza au kuona raundas, msingi ndio huo huo: unapiga, unakimbia besi, ukirudi ulipoanzia ni pointi. Timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, kisha wanabadilishana. Awamu 9. Hakuna saa ya mwisho wala sare, ndiyo maana unaweza kukesha awamu 15.

Kuhusu mganga, wachezaji wenyewe walilicheka. Mimi nasema Woo na Cal ndio waganga.

Nisahau yote nisisahau hili: mwaka huu kuna sheria mpya ambayo watu wa VAR mtaipenda. Mrusho ukisemwa ni straiki au si straiki, mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kukata rufaa papo hapo kwa kujigonga kofia. Kocha haruhusiwi. Kamera inaonyesha kwenye skrini mpira ulipita wapi, sekunde chache jibu linatoka. Kila timu ina rufaa mbili, ukishinda rufaa yako inabaki, ukishindwa imekwenda. Hapa nategemea Cal, maana yuko karibu na mpira kuliko refa. Ila na upande wa pili upo: sifa moja ya wadakaji wazuri, na Cal akiwemo, ni kuudaka mpira ulio nje kidogo kwa ulaini mpaka refa aone straiki. Sasa wapigaji nao wanaweza kugonga kofia. Ujanja huo utapungua thamani, kwa kiasi gani tutaona.

#9 – Mdau wa Bukoba, niko Dallas

Mleta uzi, umeandika karatasi nzima kuhusu uwanja wa Mariners hujataja SENENE? Nilikwenda pale Rangers walipocheza ugenini, nikakuta wanauza panzi wa kukaanga wa Kimeksiko, wenye pilipili na ndimu, kwenye kikopo. Wazungu wamepanga foleni! Mimi Mhaya nikasimama nikatikisa kichwa. Nilinunua. Ni wakavu, wadogo kuliko senene wetu, na ndimu imezidi. Mafuta yale ya senene hawana. Lakini nilimaliza kikopo chote, sikutaka kuidhalilisha familia.

Kuhusu besiboli: Rangers watawapiteni, acheni ndoto.

#10 – Mleta uzi

@#9 🤣🤣 nisamehe mkuu, nilikuwa naandika mambo ya kitaalamu. Wageni mjue kwamba panzi hao wana heshima yao: idadi ya vikopo kwa mechi ni 312 tu, kwa sababu Edgar Martínez, gwiji wetu, alimaliza maisha yake ya mchezo na wastani wa kupiga wa .312. Ukichelewa umekosa. Edgar ndiye aliyepiga mpira wa 1995 uliowatoa Yankees, Ken Griffey Jr. akakimbia kutoka besi ya kwanza mpaka nyumbani.

Rangers tutaongea Septemba.

#11 – Mdau wa Kampala

Asante kwa uzi. Huku Uganda mchezo huu si mgeni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League pale Williamsport. Siku hizi tuna vijana waliosajiliwa na klabu za Marekani, kama mrushaji David Matoma aliyesainiwa na Pittsburgh Pirates. Swali langu: Mariners wao wanatafuta vipaji Afrika au wanangoja wengine? Na wewe utabiri wako wa 94 umeutoa wapi, umeotea?

#12 – Mleta uzi

@#11 hongereni, Lugazi ni fahari yetu sote. Kwa muda mrefu klabu yetu imeegemea Jamhuri ya Dominika na nchi jirani, Julio ni zao la huko, na Japani kwa sababu ya historia ya Ichiro. Wakimtazama Matoma wataona wanachokosa.

Hesabu ya 94: nyumbani nawapa 51 zile zile, sizidishi. Ugenini nahitaji 43 badala ya 39. Woo na Kirby wakipanda kwenye kilima cha kurushia mwezi wa nne wakiwa wazima, tofauti na mwaka jana Kirby alipokuwa nje, mbili zinapatikana hapo. Naylor kuwa nasi tangu siku ya kwanza badala ya kuja Julai, moja. Donovan na mabadiliko ya warushaji wa mwisho, moja. Nimebana. Kinachoweza kuivunja hesabu yote ni mikono, na nikisikia neno "kiwiko" kabla ya Mei nitarudi hapa kuipunguza.

Kitu ambacho sikukiweka: Colt Emerson. Kijana wa kati ya besi ya pili na ya tatu, tulimchagua raundi ya kwanza 2023. J.P. Crawford yuko mwaka wa mwisho wa mkataba wake na ni nahodha asiye na kitambaa, sitaki asukumwe. Lakini Emerson akigonga mlango, mlango ufunguliwe.

#13 – Mdau wa Tacoma

Hapo kwa Crawford nakuunga mkono mia kwa mia. Ila kama Julio atalala Aprili yote tena, hizo nne zako za ugenini sahau. Mimi naweka 89.

#14 – Mdau wa Muscat

Assalaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Unguja, nipo Muscat, niliambukizwa mchezo huu na rafiki Mjapani kazini aliyekuwa mgonjwa wa Ichiro. Uzi mzuri. Naomba tu kuelekezwa: mechi hizi zinaonekana wapi na saa ngapi kwetu? Mwaka jana nilikuwa nachanganya tarehe, nafungua naambiwa mechi ilishaisha.

#15 – Mleta uzi

Waaleikum salaam @#14. Nje ya Marekani, MLB.TV, huduma ya mtandaoni ya ligi yenyewe, inakuonyesha karibu mechi zote za msimu, unalipia kwa mwezi au kwa msimu. Ukibanwa na bando, kuna sauti peke yake, inakula data kidogo sana na watangazaji wa redio ya Seattle ni watamu.

Saa: sisi tuko nyuma yenu kwa saa 11, na nyuma ya Dar, Nairobi na Kampala kwa saa 10. Mechi zetu nyingi za nyumbani siku za wiki zinaanza saa 12:40 jioni hapa. Kwako Muscat ni saa 11:40 alfajiri ya siku inayofuata, yaani ukishaswali unawasha. Dar na Kampala ni saa 10:40 alfajiri. Za Jumapili zinazoanza saa 7:10 mchana hapa, Dar ni saa 5:10 usiku, wewe ni saa 6:10 usiku. Tarehe ndiyo iliyokuwa inakuchanganya: ratiba inaandikwa kwa saa za Marekani, kwa hiyo mechi yetu ya Ijumaa jioni wewe itafute Jumamosi alfajiri.

Tukiwa Houston au Texas zinaanza mapema kwa saa mbili hivi, na hizo ndizo za kutazama hasa. Andika zile za Aprili pembeni, tuhesabu pamoja.